Moto Uliopewa Kibali Mbinguni

Kuna watu wana bahati ya kuwa na Mungu anayewabebea kila kitu, pamoja na makosa yao. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikatoliki anakosali mama yangu ni mmoja wao.

Mama anaishi milimani Uluguru, upande unaolimwa viungo. Shamba lake alipewa na mama yake, maana kwetu Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Mipilipili manga iliyokuwa imekwea miti humo ndani, mingi ilipandwa na bibi. Shamba la mwenyekiti liko chini yake, wanapakana.

Kuchoma shamba kabla ya mvua kuna taratibu zake, na hata mlevi anazijua. Unawapitia majirani mapema na kuwaambia. Unafyeka njia ya moto mpakani. Majirani wanakuja na matawi mabichi kusimama pembeni, na kiberiti kinawashwa jioni, upepo ukitulia. Mwenyekiti alichoma mchana wa jua kali, upepo ukivuma, peke yake, bila kumwambia mtu, kwa sababu jioni ile alikuwa na kikao parokiani. Utumishi siku hizi una ratiba ngumu.

Moto ukapanda mlima, kama unavyopanda siku zote. Waliokuja kuuzima ni majirani, wengi wao Waislamu, walioacha chakula mezani wakakimbia na matawi. Mwenyekiti alikuwa ameshakwenda kuoga.

Nilifika kesho yake kutoka Kihonda, mjini ninakoishi. Mama alikuwa amekaa mlangoni, anatazama mteremko mweusi. Nilimwamkia, akaniitikia na kuniuliza kama nimekula. Nilipomuuliza tufanye nini, alisema, "Sitaki kitu. Nataka aje hapa aseme, nimekuchomea shamba. Basi."

Jumamosi jumuiya nzima ilikuja kusali kwetu ili kumfariji. Mwenyekiti ndiye aliyeongoza, amevaa shati jeupe. Baada ya somo alitoa tafakari kwa sauti yake nzuri, ile ya msibani. "Mama yetu amejaribiwa," alisema. "Mungu ameruhusu jambo hili kwa sababu anazozijua mwenyewe." Watu wakatikisa vichwa. Kila mtu sebuleni alijua nani aliwasha ule moto, na kila mtu alitazama chini kama anayetafuta sindano.

Mimi sina subira ya mama. Niliomba nafasi, nikauliza, "Mwenyekiti, na yule aliyewasha, Mungu alimruhusu pia?"

Hakutetereka hata kidogo. "Mwanangu, Mungu alimpa mwanadamu hiari. Hakutuumba mashine. Angekuwa anashika kila mkono unaotaka kukosea, upendo wetu kwake ungekuwa na maana gani?"

Ni jibu zuri, na sisemi kwa kejeli. Tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza nimeliamini, na bado naliamini. Tabu ni kwamba mwenyekiti aliijua hiari ya watu wengine tu. Hiari ya Adamu aliieleza mpaka ukaliona tunda. Ya Kaini aliieleza, ya Yuda akaiongezea na machozi. Lakini kila mazungumzo yalipokaribia kiberiti, hiari ilitoweka na nafasi yake ikachukuliwa na upepo, ambao ulibadilika ghafla, na shetani, ambaye halali. Nilimwonea huruma shetani. Siku ile alikuwa hajakanyaga Uluguru kabisa.

Mama aliacha kwenda jumuiya. Hakugombana na mtu, aliacha tu, na Jumamosi alikwenda shambani kuchimba mashimo ya miche mipya. Ndipo mwenyekiti alipotuma ujumbe, kwa upole mkubwa, kwamba anasikitika, lakini asiyesali jumuiya kanisa halimtambui, na siku ikifika atazikwa na nani? Mkatoliki yeyote wa nchi hii anakijua kitisho hicho. Kinawarudisha hata waliohama dini.

Mama alicheka. "Waniache juu ya ardhi. Harufu itawafundisha."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya kweli, ile inayokunyima usingizi. Nikamwambia twende serikali ya kijiji, mashahidi wapo, wale waliouzima moto wote watasema, na mwenyekiti atakiri mbele ya watu.

"Hapana," alisema. "Huko watamlazimisha. Akilazimishwa, hajasema yeye."

Miaka yote nimeelezwa kwa nini Mungu mwenye nguvu zote anawaacha watu wafanye wanavyotaka, na sikuwahi kuona inavyokuwa kwa yule anayeacha. Sasa nilikuwa namwona, amekaa kwenye kigoda, mikono ina udongo, anasubiri neno ambalo hataki kulipata kwa nguvu. Niliielewa hiari siku ile, na sikuipenda.

Mwenyekiti alikuja kabla ya Pasaka, nami nilikuwepo. Alikaribishwa, akapewa kiti na chai ya mdalasini. Uso wake uling'aa. "Mama, nimekuja na habari njema," alisema. "Nimekwenda kuungama. Padre amenipa malipizi na nimeyatimiza yote. Mungu amenisamehe."

Mipilipili ilikuwa ya mama. Sijui Mungu aliunguliwa na nini.

"Nashukuru kusikia hivyo," mama alisema. "Na mimi, una neno la kuniambia?"

Mwenyekiti alikunywa chai. Alisema mwaka huu mvua zitakuwa nzuri. Alisifu miche. Alisema karibu tena jumuiya, milango iko wazi, wote sisi ni wakosefu mbele za Mungu. Kisha akainuka.

Mama aliinuka naye, akamsindikiza. Kwetu mgeni husindikizwa hadi njiani, lakini yeye alipita njiani wakaendelea kuteremka, polepole, pembeni ya mashina yaliyoungua, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Niliwaona wakisimama mpakani. Walikaa pale muda mrefu. Niliomba, mimi niliyekuwa nimeacha kuomba, kwamba mdomo wa yule mzee ufunguke.

Mama alirudi peke yake, akaanza kukusanya vikombe.

"Amesema?" niliuliza.

"Amesema tuombeane."