Nilidanganya Niko Nairobi Natafiti, Kumbe Niko Dubai Nacheza Drafti

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaanza kunihurumia, maana nikisimulia nina tabia ya kujipendelea.

Mimi ni Mkenya, mwalimu katika chuo kimoja cha udaktari hapa Dubai. Nafundisha mifupa na misuli. Pale chuoni, mwalimu akishatumikia miaka kadhaa anaweza kuomba likizo ya utafiti. Miezi sita! Mshahara unaingia, vipindi wanakushikia wenzako, wewe kazi yako ni kusoma na kuandika tu. Niliomba niende Nairobi nikaandike kitabu cha mifupa kwa Kiswahili, cha wanafunzi wa uuguzi. Nikakubaliwa.

Aliyenishikia vipindi alikuwa Daktari Zuhura, mwalimu wa uzazi, mama wa Kizanzibari niliyekuwa nikifanya naye kazi ofisi moja. Nilipomuaga aliniambia, "Nenda kaka, andika vizuri. Ukirudi na kitu cha maana, na mimi wataniruhusu." Yeye alitaka kurudi Unguja akawahoji wakunga wazee, aandike wanayoyajua kabla hayajapotea. Alikuwa amengoja miaka saba.

Miaka saba, jamani! Na mimi nilijua.

Chumba changu nilikuwa nimeshakirudisha, kwa hivyo nikaenda International City, hapa hapa Dubai, kwa rafiki yangu Kamau nikae siku mbili tatu kabla ya safari. Kamau ni askari wa ulinzi, anafanya zamu. Yeye na wenzake walikuwa na ubao wa drafti kwenye veranda, kete ni vizibo vya soda. Wakanikaribisha. Nikapigwa.

Nikapigwa na mlinzi wa Uganda, nikapigwa na dereva wa Tanga, nikapigwa na Kamau huku anakula. Mimi, mtu mwenye digrii tatu! Nikasema siondoki hapa mpaka nimshinde hata mmoja. Nikasogeza tarehe ya tiketi. Wiki ya pili nikaisogeza tena. Wiki ya nne nikaacha kuisogeza, ikafa yenyewe.

Usinicheke. Au cheka tu, wenzako wamecheka.

Shida ni kwamba Zuhura alikuwa ananiandikia kwenye WhatsApp. "Kazi inaendaje, kaka?" Na mimi bila haya, AC ikiningurumia kichwani, nje jua linakaanga lami: "Namshukuru Mungu. Niko maktaba. Huku kunanyesha sana." Nilimletea mvua ya Nairobi miezi minne mizima! Kitabu kilikuwa na kurasa tatu, na moja ni jalada.

Mwezi wa nne wa likizo tukafanya mashindano, mtaa wetu wa China dhidi ya mtaa wa Persia, maana mitaa ya International City imepewa majina ya nchi, na mimi nikatwaa ubingwa. Kweli! Nilibebwa juu juu, nimeshika kombe la plastiki, nimevaa kikoi na fulana ya ndani. Mtu akapiga picha, akaitupa kwenye grupu la Wakenya wa Dubai. Miaka ile ndiyo kwanza magrupu yalikuwa yameanza kupamba moto, kitu kikiingia asubuhi, adhuhuri kila mtu anacho. Ikamfikia mlinzi wa lango la chuo chetu. Naye, masikini, kwa kujivunia Mkenya mwenzake, akamwonyesha Daktari Zuhura.

Nikapata ujumbe kutoka kwa Zuhura. Picha yangu, na chini yake: "Hongera bingwa. Mvua imekatika?"



Ijumaa baada ya swala nikaenda kwake, mtaa wa Al Twar. Alinifungulia mwenyewe. Nilitarajia kelele, lakini mwanamke hakuwa na sauti. Alikuwa ananong'ona! Vipindi vyake na vyangu, miezi minne, vilikuwa vimemkausha koo.

"Umeandika kurasa ngapi?" akaninong'oneza.

"Tatu."

"Mia tatu?"

"Tatu, dada."

Jikoni mama yake aliangua kicheko mpaka mwiko ukamdondoka. Zuhura hakucheka. Alikaa kitako, akaniambia polepole, "Wewe unajua kamati haitoi likizo nyingine kitengoni mpaka ipate ripoti ya aliyetangulia. Ripoti yako iko wapi? Wakunga wangu wawili wamepita themanini. Nitawahoji nani, makaburi?"

Nikalia, mtu mzima.

"Sikusemi kwa mkuu," akasema. "Utajisema mwenyewe. Sasa kula, mama kakupakulia."

Nikala pilau ile kama dawa.

Jumapili kazi zilipofunguliwa, maana wakati ule mapumziko ya Dubai yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, nikaingia kwa mkuu wa chuo, mzee wa Kisudani asiyependa maneno mengi. Nikamwambia yote, hata kombe.

"Khalas," akasema. "Likizo yako imekwisha leo. Kupandishwa cheo, sahau. Barua ya onyo utaipata."

"Nakubali, bwana mkuu. Lakini Daktari Zuhura hana kosa. Naomba aende."

"Na nani atafundisha vipindi vyake?"

"Mimi. Vyake na vyangu."

Akanitazama juu ya miwani, kisha mzee yule akacheka. Sijawahi kumwona akicheka kabla ya hapo. "Yalla, haya, nenda kaanze. Kamati niachie mimi," akasema.

Zuhura akaenda Unguja. Mimi nikafundisha tangu asubuhi hadi jioni, mifupa yangu na uzazi wake. Mwanamume mzima naeleza leba mbele ya wasichana sitini, wengine wameshazaa! Walikuwa wananisahihisha. Jina wakanipa, Bwana Mkunga, na nalibeba mpaka leo.

Cheo sikupata. Waliokuja nyuma yangu wamenipita, nawaita profesa kwa heshima zote. Kitabu changu nilikiandika baadaye, Ijumaa na Jumamosi, na kilichukua miaka mitatu badala ya miezi sita.

Cha Zuhura kilitoka mapema. Aliniletea nakala mezani, akaondoka. Kwenye shukrani, baada ya wale wakunga, wote wakiwa hai, aliandika: "Na kaka yangu wa ofisini, aliyesema kweli ilipokuwa ghali."

Ndugu yangu, ukipewa muda, ujue kuna mtu anaulipia kwa jasho lake. Mtafute, umtazame usoni, ndipo ukalale kama utaweza.