Mpaka wa Mivumo

Nimekana miaka mingi, lakini mimi ndiye niliyemwita Baba Asteria, jirani yetu, mwizi. Alasiri ile, nikiwa mtoto, karibu na mto Lumemo, nilikuta miche ya mivumo, ile miti mirefu kama minazi, imeota kwa mstari katikati ya shamba letu, kila mmoja ukinuka samadi. Kwetu, anayepanda miti shambani anaweka mpaka.

“Mama, jirani anatuibia shamba! Na mbolea kaweka!”

“Kumbe ndiyo maana siku hizi anatuletea kambale.”

Kambale wake hatukula tena.

Juzi, msomi mzima, niliona picha ya mvumo ukichipua kwenye kinyesi cha tembo. Jana mama akapiga simu.

“Mwanangu, tangu tembo waanze kupita tena, mivumo imeota mstari uleule. Na Baba Asteria tulishamzika.”