Siku Juma Lugome Alipokataa Wimbo Wetu

Nikishuka Mikumi na kupanda gari la Kidodi katika miezi ya mavuno, pua yangu hufika nyumbani kabla yangu. Ni harufu ya miwa iliyochomwa, nusu sukari, nusu moshi. Baada ya harufu huja masizi, meusi na membamba, ambayo sisi watoto wa Ruhembe tuliyakimbiza uani huku mama zetu wakiyalaani kwa ajili ya nguo zilizoanikwa. Mimi masizi hayo hunirudisha kwenye alasiri moja ya Idi, na kwa mtu ambaye nilimpenda sana, kisha nikamchukia kwa siku tano.

Mtu huyo alikuwa mwimbaji wa dansi, Juma Lugome. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona namjua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Nitawaeleza kwa nini, ila msinicheke. Enzi zile kulikuwa na kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako, majina ya unaowasalimu na wimbo unaoutaka, ukaituma redioni. Baba yangu, Ramadhani Mbegu, alituma kila wiki. Jumapili mchana mtangazaji alisoma, "Ramadhani Mbegu wa Ruhembe, Kidodi, anamsalimu mke wake Mwanahawa, popote pale alipo," na papo hapo Lugome akaanza ule wimbo wake wa mwanamume aliyesimama nje, anamwomba mkewe afungue mlango. Sasa mtoto wa miaka tisa aelewe nini hapo? Baba anaandika, Lugome anaimba. Niliona wazi kuwa ni ndugu yetu, tena ndugu msikivu. Kimoyomoyo nikawa namwita baba mdogo.

Hiyo "popote pale alipo" ilikuwa mbwembwe tu. Baba alijua fika kuwa mama yuko kwao Mamboya na mdogo wangu wa mgongoni. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Mama aliondoka baada ya baba kuiuza cherehani yake bila kumwuliza mwenyewe, na kurudi nyumbani amebeba redio kubwa ya kaseti mbili na tabasamu la mtu anayesubiri kupongezwa. Ndiyo redio hiyo hiyo tuliyokaa mbele yake kila Jumapili, baba na mimi, tukila ugali wake wenye mabuja ya unga mbichi na kusikiliza jina la mama likitajwa nchi nzima. Wimbo ukiisha nilikuwa natazama njia. Mama hakuonekana. Nilimkosa mpaka usingizini, na nilianza kuogopa kuwa sura yake itanitoka.

Basi tukasikia kwamba bendi ya Lugome itapiga Idi Pili mchana katika ukumbi wa wafanyakazi wa mashamba, na watoto wanaruhusiwa. Siku ya siku, gari la vyombo likafia Mikumi. Waliofika ni Lugome mwenyewe na mpiga gitaa mmoja mwenye gitaa kavu, lile lisilotaka umeme. Watu wengi waligeuza wakaenda zao, wakinung'unika kwamba dansi bila spika ni mazungumzo. Tukabaki kama arobaini, tumebanana kwenye mabenchi ya mbele, madirisha wazi, masizi yakiingia na kutua juu ya gauni langu jipya.

Nilishangaa alivyokuwa mfupi. Alivaa kandambili, akakohoa, akaomba maji, akakaa kwenye kiti cha mbao kama mgeni yeyote aliyekuja kusalimia. Halafu akaimba. Mpaka leo nimehudhuria maonyesho mengi yenye taa na mitambo, lakini sijawahi tena kumsikia mtu akivuta pumzi kabla ya neno. Vidole vya mpiga gitaa vilikwaruza nyuzi, mguu wa Lugome uligonga sakafu, na sauti ilikuja laini, ya chini. Kina mama nyuma yangu waliacha kumenya machungwa. Nilijawa na raha ambayo sikuwa na jina lake.

Kisha mpiga gitaa akaanza ule wimbo wetu, na raha ikaniisha yote. Redioni sauti ile ilifika kila mahali na bado mama hakurudi. Leo haina hata spika! Haitavuka dirisha, itafikaje Mamboya? Nikasimama. Sikufikiri. Nikaenda mpaka magotini pake.

"Shikamoo, baba mdogo."

Gitaa likanyamaza. "Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Ramadhani Mbegu, anayekuandikia kadi. Leo uimbe kwa nguvu. Mama yuko Mamboya, hakusikii."

Ukumbi mzima ulicheka. Lugome hakucheka. Aliniweka kando yake, akatazama watu. "Ramadhani yumo humu?"

Baba alisimama kutoka benchi la tatu, kofia yake ya Idi mkononi. Sijawahi kumwona akiwa mdogo namna ile.

"Ndugu yangu," Lugome alisema kwa upole, "ukweni umeshakwenda?"

"Bado."

"Ameondoka lini?"

"Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke."

"Hee!" kina mama waliitikia kwa pamoja.

Lugome alitikisa kichwa. "Basi huu leo siuimbi. Nimekuimbia vya kutosha. Sehemu iliyobaki ni yako mwenyewe." Akamgeukia mpiga gitaa, wakaanza wimbo mwingine, wa kuchangamka, na watu wakapiga makofi.

Nililia mpaka kamasi. Ndugu yangu wa redioni, aliyekuwa akitusikiliza kila wiki, alikuwa amenikatalia siku ile niliyomwomba uso kwa uso. Njiani baba hakunigombeza, na hilo lilinitia hofu zaidi. Kesho yake alfajiri alinikabidhi kwa jirani, akavaa kanzu yake, akapanda gari la Mikumi, na kutoka huko la Kilosa. Aliondoka bila kuacha neno, na mimi nikaamini sasa nimempoteza na baba pia, yote kwa sababu ya Lugome.

Siku ya tano walirudi watatu. Mama alishuka na mdogo wangu mgongoni, baba nyuma yake amebeba mizigo yote. Mama alinikumbatia, nikanusa mafuta yake ya nazi, na sikutaka kujua kitu kingine chochote.

Ilipita miaka mingi kabla sijamwuliza mama. Nilikuwa nimeshaolewa, nimeshanuniwa na kununa. Nilimwuliza kama kule Mamboya aliwahi kuzisikia zile salamu.

"Zote," alisema. "Jirani alikuwa akija na redio yake mpaka barazani, nisije nikakosa. Wenzangu walinionea wivu. Kupendwa namna hiyo!"

"Na hukurudi?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba yako alikaa kwetu siku tatu kabla hajaweza kulitamka neno. Wajomba zangu wanamtazama, jasho linamtoka. Mwishowe akasema, 'Niliuza kitu chako, Mwanahawa, na nilijua ni chako.' Hilo kadi hazikuwahi kulisema hata siku moja."

Lugome alikwisha kufariki wakati huo, na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsamehe nusu tu. Siku ile, jikoni kwa mama yangu, ndipo nilipomalizia nusu iliyobaki.