Shikamoo Iliyochelewa

Sijui kama nitayaandika haya kwa haki, maana yalipotokea mimi nilikuwa nimekaa tu.

Kazi yangu ni kufungua chumba cha kompyuta hapa Kilosa, kufagia na kuangalia umeme wa luku usiishe. Humo vijana wenye ulemavu wanafundishwa kutengeneza tovuti ambazo kila mtu anaweza kuzitumia. Mmoja ni binti asiyeona. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye huandika upesi kuliko mimi ninavyoongea.

Alikuwa anangoja kazi yake ya kwanza. Mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikumi alikuwa na tovuti inayohitaji kurekebishwa, akasema atakuja amwone fundi kwanza. Binti akaipitia mapema, akaniita nisikilize. Kila aliposogea, sauti ilisema "kitufe", tena "kitufe", basi. Walioitengeneza waliweka vipicha vizuri vya kitanda na simu, wakasahau kuviandikia majina. Akaniuliza pa kuwekea nafasi ya chumba ni wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Alipoendelea kungoja ndipo nikaona aibu, nikamwambia kwa maneno, tukacheka.

Siku yenyewe mzee aliingia kimyakimya, akasimama mlangoni. Binti alikuwa na spika masikioni, uso umemwelekea kabisa. Mzee akangoja shikamoo. Kwetu mkubwa haanzi. Mimi nilimpa yangu kwa sauti ndogo, akaitikia, macho yake kwa binti. Nikanyamaza. Nilijiambia nikimsemea nitamfanya mtoto mbele ya mwenye kazi. Labda ni kweli. Labda nilimwogopa mzee.

"Asiyesalimia nitamwachiaje wageni wangu?" akasema, akageuka kuondoka. Simlaumu sana. Aliambiwa kuna fundi, hakuambiwa haoni, na macho ya binti ukiyatazama ni mazima.

Fimbo yake ikagonga kiti, kikaanguka. Binti akavua spika, akasimama.

"Shikamoo mzee. Nimesikia kiti, sijasikia mtu."

Mzee akamgeukia. "Marahaba. Kumbe huoni?"

"Sioni, mzee. Karibu ukae, uisikilize nyumba yako."

Akachomoa waya wa spika ili sauti itoke nje. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Mzee akanigeukia mimi, akauliza mbona sauti haitaji vyumba.

Binti ndiye aliyejibu. "Vipo, mzee, ila havisemi. Kama wewe pale mlangoni."

Nikajua kazi imepotea. Lakini mzee akaokota kile kiti kilichoanguka, akakikalia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Hata hivyo alimpa ukurasa mmoja tu, ule wa kuweka nafasi, kwa majaribio. Nilikereka kwa niaba ya binti. Leo naona alikuwa na haki, maana hata mafundi wenye macho walishamwangusha.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafagia. Mtu akakohoa mlangoni.

"Ni mimi, mzee wa Mikumi."

Binti alishasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeusikiliza ukurasa wako kwenye simu, nikafumba macho, nikaweka nafasi ya chumba kwangu mwenyewe." Akavuta kiti. "Zile kurasa nyingine unazianza lini?"