Kasereka Wawili Ukutani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipouvunja uchumba wangu mwenyewe mbele ya ukumbi mzima wa parokia, kwa projekta ya kuazima, huku nikidhani ninapendeza. Leo nikikumbuka nacheka mpaka natokwa na machozi. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia umepewa kazi ya kuwafundisha watu historia ya ukoo wenu, na kwamba kutwa uko kwenye kompyuta unapanga slaidi. Vizuri sana. Mwacha asili ni mtumwa, na sisi tuliotoka Kivu Kaskazini kufuata biashara hapa Kisangani, watoto wetu wanajua Kilingala kuliko lugha ya bibi zao. Asili wataipata wapi tusipowaonyesha? Mimi kazi hiyo nimeifanya mpaka nywele zimebadilika rangi. Lakini kaa kidogo, usikie nilivyoianza.

Nilikuwa msichana, nimechumbiwa na Désiré, kijana aliyeuza vitenge dukani kwa baba yake. Familia zote mbili ni Wanande, na nyumbani kwetu harusi haikufungwa mpaka wazee waridhike kwamba wawili hao hawana damu moja. Upande wa baba zetu haukuwa na shida, koo zao zilijulikana kuwa mbalimbali. Upande wa mama zetu ndio ambao hakuna aliyewahi kuufuata mpaka juu. Basi Tonton Mathias, ndugu mdogo wa baba yangu na msemaji wa familia, akataka wote tukutane siku moja, kila upande ueleze mizizi yake hadharani, kisha tule. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujifunza kompyuta, nikadakia, "Tonton, nitaonyesha yote na projecteur!"

Akaniangalia kwa upole. "Bon, onyesha. Lakini uulizake watu kwanza."

Kuuliza niliuliza, ila kwa haraka ya mtu anayejiona ameshajua. Nilipita kwa mama huyu na mzee yule, nikanywa chai yao, nikachukua majina, nikaondoka kabla hawajaanza kusimulia. Hadithi niliziona ndefu. Mimi nilikuwa na hamu ya kurudi mtaa wa Simi-Simi, kwenye duka la kompyuta ambako mwenye duka alinifundisha kuchora visanduku na mistari, na hasa, mwanangu, namna ya kulifanya jina liingie likiruka kutoka pembeni na mlio wa breki za gari. Ee, niliipenda breki ile! Kila babu nilimpa breki yake.

Sasa, majina yetu unayajua. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa tatu ni Kasereka, kila mmoja na jina la zamu yake, nyumba kwa nyumba na kizazi kwa kizazi. Ukiita "Kasereka!" sokoni, nusu ya wauza maharagwe watageuka. Mimi nimezaliwa ndani ya majina hayo. Hata hivyo, nilipoona kwenye slaidi yangu visanduku viwili vya Kasereka vimekaa safu moja, karibu karibu, nilidhani nimeandika mara mbili kwa bahati mbaya. Nikafuta kimoja, mistari yote nikaiunganisha na kile kilichobaki. Slaidi ikapata nafasi, ikapendeza, nami nikajipongeza bila kuangalia mistari ile inakoelekea.

Jumapili ikafika. Projekta tuliipakia kwenye toleka, zile baiskeli zetu za abiria, mimi natembea kando nimeishika kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ukumbini wakwe walikaa mbele, Désiré kavaa shati jipya, na uani mama zangu wadogo walikuwa wanaponda ndizi za lituma. Nikasimama na fimbo ya kuonyeshea mkononi, nikageukia ukuta, nikaanza kusoma. Majina sikuwa nimeyakariri. Yalikuwa pale ukutani, basi nikayasoma pale.

Akaingia Kasereka na breki zake. Mistari ikashuka kutoka kwake, mmoja mpaka kwa mama yangu na mimi, mwingine mpaka kwa mama yake Désiré na Désiré. Nikasoma kwa sauti, "Kasereka, babu wa wote hawa." Nyuma yangu nikasikia mnong'ono, nikadhani wameanza kuvutiwa. Nikapandisha sauti, nikaenda slaidi iliyofuata, na nyingine tena, naeleza habari za biashara ya kahawa na malori. Mnong'ono ukazidi, nami nikazidi. Ngoma ivumayo haidumu.

"Kahindo," Tonton Mathias akaniita. "Geuka."

Nikageuka. Mama yake Désiré alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Baba yake alikuwa amesimama, anatafuta kofia yake. Désiré amekaa mdomo wazi, shati jipya limelowa jasho.

"Donc hawa batoto iko ndugu?" shangazi yake mmoja akauliza.

"Alors, harusi hakuna," mwingine akamjibu.

 Nilimpenda yule kijana, mwanangu, sitakuficha, nilimpenda sana, na nilikuwa namwona anaondoka kwa mstari niliouchora kwa mkono wangu.

Tonton Mathias hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Tangu tuingie hapa unasomea ukuta," akasema. "Ukuta haina ndugu. Benye ukoo ni hawa, na umebapa mugongo. Huyu Kasereka yako, bibi mwenye alioaka alikuwa nani? Balimuzika wapi?"

"Sijue, Tonton."

"Basi uliza bale banajua."

Nikaweka fimbo chini, nikauliza. Upande wetu akasimama Tantine Régine, dada mkubwa wa mama yangu. "Kasereka wetu alikufia Beni," akasema. "Bibi yake ni Masika. Hakuvukaka hii pori ya kuja Kisangani hata siku moja, alikuwa anaogopa chui." Watu wawili watatu wakacheka chinichini.

Upande wa pili mzee mmoja, mjomba wa mama yake Désiré, akashika meza akainuka. "Wetu iko Bafwasende. Alifuataka zahabu, hakupata kitu, akakufia kule. Papa yangu ndiye alichimba kaburi."

 Tonton Mathias akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Mutu hawezi kuzikwa fasi mbili," akasema. "Iko Kasereka wawili."

Hata hivyo wazee hawakukurupuka. Waliulizana baba wa kila mmoja, mama yake, kilima alichozaliwa, mpaka wote wakaridhika kwamba ni watu wawili wa nyumba mbili ambazo hazikuwahi kukutana ila siku ile, tena kwa ajili yangu. Mama yake Désiré akashusha kitenge usoni akapiga kigelegele, na mama zangu wakatoka uani mbio, mikono imejaa ndizi, kuuliza kuna nini.

Nikakitenganisha kile kisanduku hapo hapo, mbele yao. Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, mwanangu. Watu walisimama, wakasogea, wakaniamuru. "Andika aliogopa chui!" "Weka na Masika!" "Na bibi yake wa pili, mbona umemusahau?" Slaidi zangu zilizokuwa kavu zikaanza kupata watu ndani yake. Breki nilizizima kwa aibu. Tulikaa mpaka lituma ikapoa, na hakuna aliyelalamika isipokuwa walioipika.

Baba yake Désiré akaning'iniza kofia yake tena. "Harusi tuharakishe," akamwambia Tonton, "kabla huyu mutoto hajagusa tena ile mashini."

Tukaoana. Bado ananitania.

Kupotea njia ndiko kujua njia, mwanangu, lakini si lazima wewe nawe upotelee pale pale nilipopotea mimi. Usiandike jina tupu. Jina la mtu wetu peke yake ni mlango bila nyumba. Mwandikie mwenzi wake, mahali alipozikwa, na jambo moja ambalo wajukuu wake wakilisikia watasema, ndiye huyo. Mzee mmoja, slaidi moja, herufi kubwa, maana watakaokusahihisha ni wale ambao macho yao yamechoka. Unapokwenda kuuliza, kunywa chai mpaka iishe na hadithi iishe nayo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza huku umeshika kitasa cha mlango. Usichokijua kiachie kisanduku kitupu, usione haya, kwa kuwa kisanduku kitupu hakijavunja harusi ya mtu, ila kilichojazwa kwa kubahatisha nakuapia kinaweza. Na kabla ya siku yenyewe, wapitishie wazee wa pande zote mbili. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti waonyeshwe mapema.

Zaidi ya yote, ukutani pana kivuli tu cha ukoo. Ukoo wenyewe umekaa kwenye viti, umevaa vizuri, unakungoja. Ukitaja jina, nyamaza kidogo, watazame nyuso. Yupo atakayetikisa kichwa, yupo atakayekunja uso, na yule aliyekunja uso ndiye mwalimu wako wa siku hiyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie ukumbi uliojaa na umeme usiokatika. Wafu wako watajwe kila mmoja kwa alivyoishi, na walio hai wakuitikie. Na siku yoyote utakapojisahau ukawapa watu mgongo, Mungu akuletee mtu anayekupenda, akuite kwa jina lako, akwambie: geuka. Amina.