Pijo Mbili za Harusi ya Ayuma

Cheti cha ufundi wa magari cha Patrobas Opicho, daraja la pili, kina tarehe 14 Novemba 1969. Miaka miwili baadaye alinunua Pijo 404 iliyokuwa imepinduka, akainyoosha mwenyewe, na mwaka wa 1972 akaitumia kumleta nyumbani bintiye Ayuma, mtoto wa siku tatu.

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1996 Ayuma alikuwa anaolewa. Opicho alitaka kumpeleka kanisani kwa gari lile lile. Ayuma alichagua Pijo 504 ya mwaka wa 1982, gari la Bwire, mdogo wake Opicho.

"Baba, yako inanuka petroli," alisema. "Nitafika madhabahuni nikinuka kama jerikeni."

"Mzee, hiyo ipeleke makumbusho," Bwire akaongeza.

Opicho alikubali. Alijua 504 ni pana, viti vyake laini, na mashimo ya barabara za Tena, mtaa wao, haiyasikii. 404 ilikuwa na bodi nzito, gia kando ya usukani, na injini iliyotulia kiasi kwamba aliweza kusimamisha sarafu juu yake ikiunguruma. Lakini gauni lilitaka nafasi.

Asubuhi hiyo 504, riboni zikiwa zimeshafungwa, ilikataa kuwaka. Bwire alipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea.

"Nani aliiosha?" Opicho aliuliza.

"Sisi akina mama wa kamati," alijibu dada yake, Marion. "Tumepiga mpira wa maji mpaka ndani ya boneti. Bibi harusi hapandi gari lenye grisi."

Opicho alielewa papo hapo. Maji yalikuwa yameingia kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na hapo uani hakuna mwingine aliyeijua. 404 ilikuwa langoni, inanguruma polepole.

"Basi, Baba," Ayuma alisema, viatu vyeupe mkononi. "Twende na yako."

Opicho aliitazama 404 kwa muda. Kisha akavua koti, akafungua kifuniko cha distributa na kukipangusa kwa tai yake mpya mpaka kikakauka.

"Jaribu," alimwambia Bwire. Ikawaka.

"Si ungenyamaza tu, mzee," Bwire alinong'ona.

"Na cheti changu ningekificha wapi?"

Saa nne na robo 504 iliondoka na Ayuma. Opicho alifuata na 404, amebeba Marion na keki, madirisha yote wazi. Jumatatu atashusha tangi lake atafute mahali petroli inapovuja.