Kombe Nililotia Kwenye Mashine ya Mwanangu

Mwanangu wa pili ana duka la leso Ukunda, na ana mwili. Mwili wenyewe unamtesa: sukari, magoti, na kutoka dukani mpaka barabarani anasimama mara mbili kutafuta pumzi. Alipoamua kwenda Mombasa kupasuliwa, mfuko wa chakula upunguzwe, sikumpinga. Nilichokitilia shaka ni yale yaliyotangulia kisu.

Daktari alitaka kwanza ajue anavyolala. Tumbo na usingizi vinajuana wapi? Mwanangu akaja kwangu Msambweni na mkanda wa kifuani, mrija puani na kibanio kidoleni, akalala navyo. Majibu yakasema anakatika pumzi usingizini, tena mara nyingi, na mtu wa hivyo akilazwa kwa dawa ya usingizi anaweza asiamke. Basi kila alalapo avae barakoa ya mashine inayosukuma hewa, kwa wiki kadhaa, ndipo apasuliwe.

Nilicheka. Mtu anakoroma mtaa mzima unamsikia, halafu waseme hapumui! Nikajua hii ni biashara ya watu.

Fundi aliyeileta mashine kwangu, alikokaa mwanangu wiki zile, alikuwa mtu wa bara. "Mathe, kwenye tangi hili unatia maji safi tu. Na hii inarekodi kila kitu."

"Na maneno yetu ya chumbani?"

"Hapana, mathe. Saa za kuvaa tu." Akacheka. Sikukipenda kicheko kile, wala mimi si mathe wake.

Hewa itoke kwenye kitu nisichokijua, imwingie mwanangu bila kinga? Nikaenda kwa mwalimu wa chuoni akaniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Nikaziosha kwa marashi kama tufanyavyo siku zote, ila badala ya kumnywesha nikalimimina kwenye tangi la mashine. Walitaka maji safi. Yapi masafi kuliko hayo?

Siku ya tatu akaitundika barakoa msumarini. "Inanikaba, mama. Inanikohoza."

"Sikukwambia?" Nikamwaga yale maji alipokuwa kazini, nikanyamaza kimya. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Ijumaa moja baada ya adhuhuri akapitiwa na usingizi kwenye mkeka, nami kando yake na tasbihi yangu. Akakoroma, kisha kimya. Nikavuta punje ya kwanza, ya pili, ya tano. Kifua kinahangaika, lakini puani hakitoki kitu. Punje ya ishirini na tatu akashtuka kama mtu aliyeopolewa majini, akaendelea kukoroma, wala hakuamka. Nikahesabu tena. Mara ya tatu nikampiga kofi la paja.

"Amka! Vaa mashine yako!"

"Mchana huu, mama? Si ulisema ni matapeli?"

"Utapeli wao siujui. Lakini pumzi yako inakatika, nimeihesabu mwenyewe." Nikamwambia na la kombe.

"Mama! Umenivutisha marashi?"

"Na zafarani."

Hakucheka. Siku mbili nilipata kwake shikamoo tu.

Tuliporudi Mombasa, daktari akatazama rekodi akaona siku tupu zimefuatana. Akasema hivi hampeleki mtu kwenye kisu. Mwanangu akainamisha kichwa ili aibebe lawama yeye.

"Daktari," nikasema, "asisemwe huyu. Ni mimi." Nikamweleza yote, mpaka sahani. Hakunicheka. Akaamuru tangi na mirija vibadilishwe, akausogeza upasuaji mbele mwezi mzima. Mwezi ule kila asubuhi nilimwuliza, "Umeivaa?" Akisema ndiyo, nilitazama mashavuni kama ana alama za mikanda.

Akapasuliwa. Alipotolewa chumba cha upasuaji amelala, muuguzi akaniambia, "Mambo mazuri, mama, nenda kapumzike." Nikamtazama mwanangu: uso mtupu.

"Mashine yake iko wapi?"

"Imo mkobani. Tutamvalisha."

"Lini?"

"Mama, tunaijua kazi yetu."

"Sikukataa. Mvalishe nione."

Akanuna, lakini akaitoa. Nikamshikia mikanda mwenyewe, nikasimama pale mpaka hewa ikaanza kuvuma na kifua cha mwanangu kikapanda.